Kondoo wa Mlima Mweusi: wawindaji wa Torghar na amri ya kutowinda

Wahenga walisema kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana. Mbuzi hupiga kelele kisu kikimkaribia, kondoo hunyamaza. Katika milima ya Torghar, kaskazini mwa Balochistan nchini Pakistani, kondoo mwitu walikuwa wanakwisha hivyo hivyo mwanzoni mwa miaka ya 1980, kimya kimya. Mwindaji alipanda alfajiri, akarudi magharibi mikono mitupu, akajisemea kesho nitajaribu bonde la pili. Na la pili nalo likawa tupu.

Kisa cha Torghar kimeandikwa sana na watu wa uhifadhi, na kwa kawaida husimuliwa kwa pumzi moja: wageni matajiri walilipa dola nyingi kuwinda madume wachache, fedha zikabaki kwa wenyeji, wanyama wakaongezeka. Si uongo. Ila simulizi hiyo imeanzia katikati. Ukizifuata tarehe utaona kwamba amri ya wenyeji kutowinda ilitangulia fedha, na ndiyo iliyozipa fedha kitu cha kununua. Mimi naona hapo ndipo penye kisa chenyewe, na ndipo watu wengi wanaotaka kuiga Torghar wanapoteleza.

Mnyama na mlima

Kondoo tunayezungumzia anaitwa uriali. Ukimwona kwa mbali hutamdhania kondoo. Ana miguu mirefu kama ya swala, manyoya mafupi ya rangi ya mchanga wenye wekundu, na mkia mfupi usio na mafuta. Sufu ya kusokota hana. Dume aliyekomaa huota manyoya marefu meusi na meupe kuanzia kooni hadi kifuani, kama mzee aliyeachia ndevu, na pembe zake hupinda kwenda nyuma kisha zikarudi kuelekea mashavuni. Kondoo tuliozoea kuwaona sokoni wanatokana na mofloni wa Asia Magharibi, aliyeanza kufugwa yapata miaka 10,000 iliyopita. Uriali ni binamu wa karibu wa mofloni huyo. Udugu huu tutaurudia mbele, maana una hasara yake.

Milima hiyo hiyo ina mnyama wa pili, makhori, ambaye ni mbuzi mwitu na ndiye mnyama wa taifa wa Pakistani. Yule wa Torghar pembe zake zimenyooka juu na kujisokota kama parafujo. Ndiye anayepigwa picha na ndiye anayelipiwa fedha nyingi. Makhori hukaa kwenye magenge na miamba iliyosimama wima; akishtuka hupanda mahali ambapo binadamu hawezi kuweka mguu. Uriali ni mkimbiaji. Hupenda miteremko ya wastani na vilima vya wazi, na akishtuka hutegemea mbio. Tofauti hii inaonekana ndogo mpaka ufikirie bunduki. Mbio zilikuwa kinga ya kutosha dhidi ya mbwa mwitu na dhidi ya gobore lenye risasi moja. Halafu fikiria mifugo: ile miteremko ya wastani ndiyo hiyo hiyo mchungaji anapopeleka mbuzi wake.

Torghar kwa Kipashto ni Mlima Mweusi. Ni sehemu ya safu ya Toba Kakar, wilaya ya Qila Saifullah, upande wa mpaka wa Afghanistani. Milima inaenda urefu wa kilomita kama 90, upana kati ya 15 na 30, miamba mikavu yenye miti ya mireteni na mipistachio mwitu iliyotawanyika hapa na pale. Mvua ni chache, na baridi ya huko si ya mchezo. Msomaji wa Mombasa akisikia Balochistan huenda akawakumbuka Wabaluchi wa Makadara, waliokuja zamani kama askari wa masultani wa Oman. Basi wenyeji wa Torghar si hao. Ni Wapashtuni wa kabila la Kakar, na sehemu kubwa ya milima iko mikononi mwa ukoo wa Jalalzai. Wanafuga kondoo na mbuzi, wengi wao kwa kuhamahama kufuata majira, na kwenye mabonde yenye maji kuna mashamba na bustani za miti ya matunda.

Jambo la kuliweka moyoni ni kwamba ardhi hii ni ya kabila. Serikali ya mkoa ilikuwa na sheria yake ya wanyamapori tangu 1974, lakini sheria bila askari milimani ni karatasi. Anayejua nani ana haki ya kulisha bonde gani, nani anachota chemchemi gani na mgeni apite wapi ni mkubwa wa ukoo.

Bunduki zilipobadilika

Uwindaji Torghar ulikuwa sehemu ya maisha. Nyama ya uriali ilikuwa kitoweo, na pia heshima: mgeni akija, mwenyeji Mpashtuni humkirimu kwa alichonacho. Kwa vizazi vingi silaha zilikuwa magobore, na baadaye bunduki za Kiingereza za .303 zilizobaki tangu enzi za ukoloni. Risasi ilikuwa ghali, na mwindaji hakuifyatua hovyo. Alinyatia nusu siku apate kupiga mara moja. Uchache huo wa risasi ulifanya kazi ya sheria bila mtu yeyote kuiandika.

Desemba 1979 majeshi ya Kisovieti yaliingia Afghanistani, na kwa miaka kumi iliyofuata mpaka huo ukawa njia ya silaha. Kalashnikov na risasi zake zikapatikana kama unga wa dukani. Mtu aliyekuwa akirudi na dume mmoja kwa msimu sasa aliweza kumimina risasi kwenye kundi zima, majike na watoto wao, kabla halijavuka tuta. Makadirio ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 yaliweka makhori wa Torghar chini ya 100 na uriali chini ya 200. Hesabu za wakati ule ni za kukisia, lakini hakuna anayebisha kwamba wanyama walikuwa karibu kwisha.

Walioshtuka mwanzo walikuwa viongozi wa kabila wenyewe, na jina linalotajwa mbele ni la hayati Nawab Taimur Shah Jogezai. Nawab si cheo cha serikalini kama mkuu wa wilaya. Ni uongozi wa jadi, na neno lake hushika pale ambapo hati ya mahakama haifiki. Wazee waliomba idara ya misitu ya mkoa iwaletee askari wa wanyamapori, wasiwapate. Ndipo wakageukia wataalamu wa wanyamapori wa Marekani, pamoja na watu wa shirika la serikali ya nchi hiyo linaloshughulikia samaki na wanyamapori. Sardar Naseer Tareen, Mpashtuni mtengeneza filamu aliyekuwa na marafiki pande zote mbili, akawa daraja.

Mpango uliozaliwa mwaka 1985 ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuutekeleza. Watu wa kabila waache kuwinda, wote. Waliokuwa wawindaji hodari wachukuliwe kuwa askari wa kulinda mlima, walipwe mshahara. Mshahara utoke kwenye idadi ndogo mno ya madume wazee watakaouzwa kwa wawindaji watalii. Walianza askari saba.

Saba, kwa milima ya kilomita 90! Hapo mtu wa hesabu anacheka. Lakini ukiangalia walikotoka utaelewa. Askari aliyeletwa kutoka Quetta, makao makuu ya mkoa, angekaa siku tatu kabla ya kujua njia ya maji. Hawa saba walijua kila pango ambalo mwindaji huvizia, kwa sababu walivizia humo wenyewe. Walijua bunduki ya nani imelia kwa mwangwi wake. Zaidi ya hayo walikuwa ndugu. Kijana aliyekamatwa na uriali begani hakukutana na mtu wa serikali ambaye angemdanganya na kumhonga. Alikutana na binamu ya baba yake, na habari zingefika kwenye baraza la wazee kabla ya yeye kufika nyumbani. Aibu ya namna hiyo ni ghali kuliko faini.

Ndiyo maana nasema amri ilitangulia. Biashara yenyewe ingekuwaje mwaka 1985? Mwindaji mtalii hasafiri nusu ya dunia kufuata dume ambaye wenyeji wamekwisha kumla. Lazima kwanza mlima utulie, madume wapewe miaka ya kukomaa, ndipo papatikane cha kuuza. Pengo hilo kati ya kujinyima na kupata lilizibwa kwa neno la nawab na subira ya watu ambao hawakuwa na hakika ya malipo. Mradi wa wafadhili wa miaka mitatu usingeliweza.

Dume mzee anauzwaje

Hapa yafaa kusogea karibu, kwa sababu ndipo ubishi wa uwindaji wa kitalii unapochemka.

Pembe za kondoo mwitu hazidondoki kama za paa wa nchi za baridi. Hukua maisha yake yote. Majira ya malisho mema pembe hukua upesi. Baridi ikiingia na chakula kikipungua ukuaji husimama, na msimamo huo huacha mfuo, kama pete, kuzunguka pembe. Askari aliyezoea hulala kifudifudi nyuma ya jiwe, akaegemeza darubini, akahesabu pete kuanzia nchani kuja kwenye fuvu. Miaka ya mwanzo huwa na nafasi pana kati ya pete na pete. Karibu na fuvu pete hubanana, na kubanana huko ndiko alama ya uzee. Mara nyingi ncha huwa zimekatika kwa mapigano, pamoja na pete ya kwanza, kwa hiyo mwenye uzoefu huongeza mwaka. Dume aliye peke yake, au na wazee wenzake wawili watatu, mbali na majike, ndiye anayetafutwa.

Kondoo mwitu huishi kwa makundi yaliyotengana. Majike na watoto wao upande wao, madume upande wao, hadi wakati wa kupandana majira ya mwisho wa mwaka. Hapo madume hugongana vichwa kwa nguvu, na wachache wenye misuli na pembe kubwa hupata majike wengi. Watoto huzaliwa masika ya kule, majani yakichipua, mmoja au pacha. Kwa mpangilio huo, ukiondoa dume mmoja aliyekwisha kupanda misimu kadhaa, idadi ya watoto mwakani haipungui. Ukimpiga jike mwenye mimba umeua wawili au watatu. Kalashnikov ya miaka ya 1980 haikuchagua. Uwindaji wa kitalii, ukifanywa sawasawa, hauna kazi nyingine isipokuwa kuchagua.

Neno ni hilo: sawasawa. Huko Alberta, Kanada, kwenye mlima uitwao Ram Mountain, watafiti waliofuatilia kondoo mwitu wa pembe kubwa kwa zaidi ya miaka thelathini walichapisha mwaka 2003 matokeo yanayowasumbua wawindaji hadi leo. Pembe za kundi lile zilipungua kizazi hadi kizazi, kwa sababu sheria iliruhusu kupigwa dume yeyote mara pembe zake zifikapo kipimo fulani. Dume aliyejaliwa pembe za kukua upesi alipigwa akiwa bado kijana, kabla hajaacha watoto wengi. Mwenye pembe duni aliponea, akazaa. Torghar haijafika huko, kwa kuwa wanaopigwa ni wachache sana na uzee unapewa uzito. Lakini soko linalipa kwa urefu wa pembe, na mgeni aliyelipa anataka kipimo cha kuandikwa kwenye vitabu vya rekodi. Siku askari mwenye njaa atakapoambiwa achague kati ya mzee mwenye ncha zilizovunjika na kijana mwenye pembe za kupendeza, kilicho kati ya mlima huo na Ram Mountain ni msimamo wa mtu mmoja.

Kuhusu bei, tusizungushe maneno. Makhori ndiye mwenye fedha. Mwanzoni mwa 2019, huko Gilgit-Baltistan, mwindaji Mmarekani alilipa dola 110,000 kwa kibali cha makhori mmoja. Huyo ni wa aina nyingine, wa milima ya kaskazini, lakini anakupa picha ya soko. Uriali hulipiwa sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Kondoo amebebwa na mbuzi. Ulinzi unaolipwa na pembe za parafujo ndio unaomlinda pia yule wa bei ya chini, kwa kuwa askari ni yule yule na mlima ni ule ule. Sijaona hili likisisitizwa inavyostahili. Mtu anayetaka kuanzisha Torghar yake mahali penye kondoo peke yake, bila makhori, aanze kwa kupiga hesabu upya.

Mgawanyo wa fedha nchini Pakistani kwa kanuni ya sasa ni asilimia 80 kwa jamii na 20 kwa serikali. Mwaka 1994 mpango uliokuwa chini ya baraza la kabila ulipewa mwili wa kisheria, ikasajiliwa jumuiya ya kulinda mazingira ya Torghar, maarufu kwa kifupi STEP. Askari wakaongezeka mwaka hadi mwaka, wakapita themanini. Fedha zilizosalia zilikwenda kwenye mabwawa na matangi ya maji, miche ya matunda, matibabu.

Harare, 1997

Kuna tarehe moja ya kisa hiki iliyoandikwa Afrika. Juni 1997 nchi wanachama wa mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, zilikutana Harare. Huko Afrika kila mtu alikuwa anagombana kuhusu pembe za ndovu, na ni sawa. Lakini mkutano huo huo uliipa Pakistani mgawo wa nyara sita za makhori kwa mwaka, ingawa mnyama huyo yumo kwenye orodha kali kuliko zote. Sharti lilikuwa kwamba jamii inayomlinda inufaike. Mwaka 2002, Santiago nchini Chile, mgawo ukaongezwa hadi kumi na mbili kwa nchi nzima.

Marekani, inakotoka sehemu kubwa ya wawindaji wa aina hii, ilikuwa imemworodhesha makhori wa pembe zilizonyooka kuwa mnyama aliye hatarini tangu 1976, na kuingiza nyara zake nchini humo ikawa shida. Watu wa STEP waliomba ashushwe daraja. Ombi la kwanza liliwasilishwa 1999. Jibu lilikuja 2014. Miaka kumi na tano! Wakati huo wote hoja ya mezani ilikuwa ajabu: mnyama anaongezeka kwa sababu ya biashara, na biashara inazuiwa kwa sababu mnyama ni haba. Huko mlimani askari walisubiri mishahara.

Mkenya na Mtanzania hawatakisoma kisa hiki kwa macho mamoja, najua. Kenya ilifunga uwindaji mwaka 1977, na watoto waliozaliwa baada ya hapo wamekua wakiamini kwamba mwindaji mtalii ni jangili mwenye risiti. Tanzania ina vitalu vya uwindaji na jumuiya za hifadhi ya wanyamapori, na malalamiko ya wanavijiji huko tunayafahamu: fedha hupanda kwanza hadi mjini, kisha hurudi zikiwa zimechelewa na zimepungua. Mtanzania akitazama Torghar atauliza kitu kimoja tu, nani anashika fedha mwanzo? Ni swali zuri kuliko lile la kwamba kuua mnyama ni dhambi au si dhambi. Kule kabila lina ardhi, lina uongozi unaotii na kutiiwa, na mgeni hawezi kupanda mlima bila ridhaa yao hata akiwa na kibali cha wizara. Vijiji vyetu vingi havina hata kimoja katika hivyo vitatu.

Hesabu zinasemaje

Sensa ya kwanza ya kitaalamu ilifanyika 1994. Ilikadiria makhori 695 na uriali 1,173. Mwaka 1997 makhori walikadiriwa 1,296, mwaka 1999 wakawa 1,684. Kufikia 2005 makadirio yalikuwa zaidi ya makhori 2,500 na zaidi ya uriali 3,000. Kutoka chini ya mia mbili hadi elfu tatu kwa miaka ishirini. Hata ukikata theluthi nzima kwa ajili ya makosa, bado umebaki na jambo kubwa.

Makosa yapo, na si ya kuficha. Kuhesabu wanyama milimani ni kupanda hadi mahali pa juu, kutazama eneo unaloliona, kuhesabu waliomo, kisha kukisia kwa eneo usiloliona. Kundi likivuka tuta linaweza kuhesabiwa mara mbili. Jike aliyelala kivulini hahesabiwi kabisa, na mwana wake aliyekaa kimya pembeni ya jiwe ndiyo kabisa. Halafu wanaowasaidia watafiti kuhesabu ni askari wale wale ambao kazi yao inategemea hesabu kuwa nzuri. Sisemi wanadanganya. Nasema ukiwa na dawa yako unayoiuza, usiwe wewe peke yako wa kumpima mgonjwa. Kwa bahati njema ushahidi mwingine unaelekea huko huko: duniani, Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira ulimshusha makhori mwaka 2015 kutoka kundi la walio hatarini hadi kundi la wanaokaribia hatari, na maeneo yenye mipango ya namna hii yalichangia. Uriali hakupata bahati hiyo. Kwa ujumla wake, kuanzia Irani hadi Ladakh, bado yuko kwenye kundi la walio katika mazingira magumu.

Mbuzi wa nyumbani

Ukimuuliza mtu wa mbali ni nini kinachomtishia kondoo mwitu, atakujibu bunduki. Torghar bunduki ilidhibitiwa zamani. Kilichobaki ni mbuzi na kondoo wa kufugwa, ambao ni wengi kuliko wa mwituni mara nyingi sana, na ni mali ya watu wale wale waliokubali kutowinda.

Huwezi kumwajiri mchungaji awe askari dhidi ya mifugo yake. Kutowinda kulikuwa kujinyima starehe na kitoweo. Kupunguza mifugo ni kupunguza akiba, mahari, bima ya ugonjwa. Ukame mkali ulioipiga Balochistan kuanzia 1998 hadi 2002 ulionyesha mambo yalivyo. Mifugo ilikufa kwa wingi, chemchemi zikakauka, na ile iliyobaki ikasukumwa juu zaidi, kwenye miteremko ya uriali. Baada ya mvua kurudi, kila familia ilitaka kurudishia kundi lake haraka iwezekanavyo. Nani angewalaumu? Wataalamu walipendekeza njia ya upole: wenyeji wafunzwe utabibu wa mifugo, wanyama wachanjwe, ili mfugaji awe na wachache wenye afya ambao thamani yao inalingana na wengi walio dhaifu. Kwenye karatasi ni sahihi. Ila mfugaji aliyeokoa mbuzi ishirini kwa chanjo mara nyingi huwa na mbuzi ishirini zaidi, basi.

Na hapa ndipo udugu niliousema mwanzo unapouma. Ugonjwa wa kondoo wa nyumbani humpata kondoo mwitu bila kupiga hodi. Milima ya magharibi mwa Amerika Kaskazini imepoteza makundi mazima ya kondoo mwitu kwa homa ya mapafu iliyotoka kwa kondoo wa kufugwa, wakati hao waliowaambukiza waliendelea kula majani bila hata kukohoa. Sotoka ya mbuzi na kondoo, ambayo wafugaji wetu wa Turkana na Ngorongoro wanaijua vizuri, imo Pakistani pia. Mwaka 2016 na 2017 ugonjwa huo uliwaangusha swala wa saiga kule Mongolia kwa maelfu. Askari themanini wenye bunduki hawawezi kuuzuia kupita.

Kuna na la uongozi. Ajira za askari ndizo faida ambayo familia nyingi huiona kwa macho, kwa hiyo kila mbari huhesabu vijana wake waliochukuliwa na wa jirani. Kila anayeona amepunjwa ana bunduki nyumbani na anajua njia ya mlimani. Kugawa kazi hizo kwa haki ni kazi ya uhifadhi kuliko hata kuhesabu pembe, ingawa hakuna mfadhili anayeileta darubini ya kuipimia. Na baada ya Septemba 2001, mlima ulio mpakani na Afghanistani si mahali ambapo mgeni mwenye fedha hupanga safari bila kufikiri mara mbili. Mapato yanayotegemea watu wachache kila msimu yanaweza kukatika kwa habari moja ya redioni.

Majira ya joto, mahali penye maji Torghar huwa na ratiba yake. Kabla jua halijatoka uriali huteremka, jike mkubwa mbele, akisimama kila baada ya hatua chache kusikiliza. Hunywa upesi na kupanda tena. Jua likipaa, kengele husikika bondeni, na mbuzi wa nyumbani hufika na mchungaji wao, mtoto wa miaka kumi hivi, fimbo mabegani. Wanakunywa kwenye bwawa lile lile, lililojengwa kwa fedha za pembe za dume aliyepigwa msimu uliopita, na wanakanyaga alama za kwato za waliotangulia. Askari aliyelala juu ya genge tangu usiku anamwona mtoto, anamjua ni wa nani, na hana la kumwambia. Mbuzi wale ni wa shemeji yake.